Matanga ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Tunapura maharage. Fimbo zilipoanza kupiga kwa pamoja, shemeji Filbert alijitupa chini, akafunika kichwa. Vijana wa jirani wakacheka. "Mjeda, maharage yanakushambulia?" Mama mkwe akawafukuza. Filbert akaondoka bila kula. Nimechukia.

Jumanne, 4 Juni
Amelala shambani, kwenye kibanda cha kulindia nyani. Nilimpelekea ugali. Hakunitazama.
Walikwenda wote wawili na jeshi kulinda amani, yeye na kaka yake Gervas, mume wangu. Gervas alirudi kwenye sanduku. Filbert amerudi matanga yameshaisha. Mama mkwe alitukataza kumtaja Gervas mbele yake, tusimtoneshe kidonda. Tumetii.

Alhamisi, 6 Juni
Leo amemkabidhi mama panga lake. "Lisikae na mimi." Mama akadhani amechoka kulima. Mimi nilielewa. Naogopa. Nimeshazika mmoja.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda zahanati. Muuguzi kasema asiachwe peke yake, apelekwe Kasulu kwa daktari wa magonjwa ya akili. Nimemsihi Filbert mpaka akarudi nyumbani. Kasulu amekataa.
"Nikapone ili iweje, shemeji? Hata jina lake hamlitaji nikiwepo. Mnaona nilimwacha afe."
Huruma yetu yote, yeye aliiona hukumu.

Jumamosi, 8 Juni
Nilimweleza mama mkwe. Alilia. Kisha akatandika mikeka sebuleni, kama msiba umeingia leo. Majirani wakaja na kuni na unga. Hata wale vijana, wamechota maji kimya.
Filbert tukamkalisha katikati, mahali pa mfiwa. Watu walimpa pole mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kumpa.
Nikasema Gervas hakupenda vitunguu. Filbert akainua uso.
"Hata kambini, shemeji. Alivichambua akavipanga ukingoni mwa sahani. Gwaride kabisa."
Watu wakacheka. Akacheka. Halafu akalia sana, mama amemshika.
Jioni akasema atakwenda Kasulu.

Jumatatu, 10 Juni
Kasulu. Daktari alimwita peke yake. Walikaa muda mrefu. Katoka na dawa na siku ya kurudi.
Kwenye basi alisinzia, kichwa kikaniangukia begani. Bega lilikufa ganzi kabla hatujafika Busunzu. Sikusogea.