Nywele Zilizonukia Kuku

Mpendwa mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kibomet sisi ni wazima. Mahindi tumemaliza kupalilia, mguu wa babu yako umepata nafuu, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Umeniuliza kama mwalimu wenu anasema kweli, ati nywele, kucha, pembe na manyoya ya kuku vimetengenezwa kwa kitu kimoja, keratini. Hilo jina nimelijulia kwako, lakini pua yangu ilijua zamani.

Nikiwa msichana kwetu Malakisi, mamake babu yako alikuja na wenzake kuniangalia kama nafaa kuolewa na mwanawe. Walifika mapema. Mimi nilikuwa jikoni nanyoosha nywele kwa chanuo la chuma, nalo lilikuwa limepata moto kupita kiasi. Nywele zikaungua, moshi na harufu yake vikatoka mpaka nje. Nikasikia mgeni mmoja akifurahi, "Hapa tutashiba bana! Tayari wanababua kuku."

Kuku mwenyewe alikuwa bado anakimbizwa na kaka zangu shambani.

Mamake babu yako akaingia jikoni ili asaidie kunyonyoa. Akanikuta mimi, nusu ya kichwa imenyooka, nusu imesimama, machozi yananitoka. Nilijua uchumba umeisha. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akavuta kigoda, akakaa nyuma yangu.

"Lete hilo chanuo, mwanangu. Si uliweka moto mwingi?"

Akanimalizia upande uliobaki, polepole, bila kuniunguza hata sikio.

Kuku aliliwa jioni. Lakini mimi, Nekesa, niliolewa pale jikoni.

Ni mimi nyanya yako.