Habari ya Busu, Kabla Hujaisikia kwa Mwingine

Mama wa Dorcas, mke wangu,

Ninakuandikia haraka kidogo, kabla mtu wa Yanonge hajafa akakufikishia habari hii vibaya. Unawajua watu wa kwenu. Wanavua samaki mmoja, wakifika Kisangani wanasimulia kumi. Basi isikie kwangu kwanza. Ni kweli nimeugua ugonjwa wa busu. Ni kweli dokta alisema hivyo kwa sauti, na watu wote waliokaa kwenye baraza la zahanati walisikia. Na ni kweli kwamba mmoja wao alikuwa mama yako. Yale mengine utakayoambiwa, nakuomba usiyashike mpaka umalize barua hii.

Ilianza wiki ile mama yako alipokuja kumchukua Dorcas.

Ndiyo, kumchukua. Siku ya kutoa matanga yako alisema mbele ya familia zote mbili kwamba mwanaume peke yake hawezi kulea mtoto wa kike, na kwamba shule zikifungwa atakuja ampeleke Yanonge. Nilitaka kukataa. Lakini bokilo ni bokilo. Mkwe ambaye hata usoni humtazami, utamwambiaje hapana? Nilitazama viatu vyangu nikasema, "Ndiyo, mama." Miezi ikapita, shule zikafungwa, akashuka mtumbwini na kikapu kikubwa kitupu cha kutia nguo za mtoto. Akakitundika kwenye msumari wa sebuleni. Kila nilipopita kwenda nje nilikipita hicho kikapu, na kila mara nilikiona kimekuwa kikubwa zaidi.

Bado unakumbuka alipotutembelea mara ya kwanza? Nilikuwa uani nakula lituma, ndizi zako za kutwanga, mkono umejaa mpaka kwenye kiwiko, nikasikia anabisha hodi. Bokilo hakuoni ukitafuna. Nilikimbia na sahani nyuma ya banda la kuku, nikachuchumaa huko mpaka kuku wakamaliza sehemu yangu. Wewe ulimwambia, "Papa amekwenda kazini." Halafu jogoo akanidonoa sikio nikapiga kelele. Ulicheka mpaka ukaketi chini kwenye vumbi na kikwembe chako kipya. Mama yako hakucheka. Aliangalia angani tu, akasema, "Kuku ya hapa iko na sauti nene."

Basi safari hii alinikuta kitandani. Koo lilikuwa limeziba kama mpira wa ndani uliokunjamana, shingo imevimba pande zote mbili, homa juu, na uchovu ambao sijui nikuelezeje. Nilikuwa nikiinua spana naiona nzito kama fremu nzima ya baiskeli. Pale mzunguko wa barabara ninapotengenezea baiskeli za toleka, hizi za kubeba abiria, nililala mara mbili nikiwa nimeshika gurudumu. Watu wote wakasema malaria. Nikanywa dawa za malaria. Wakasema basi ni tifoidi. Nikaenda kwenye duka la dawa, wakanipa vidonge vya rangi mbili, nikavimeza siku tatu. Siku ya nne nikaamka na madoa mekundu toka kichwani mpaka miguuni.

Sasa fikiria jinsi mama yako anavyomuuguza mkwe asiyeweza kumtazama. Chumbani hawezi kuingia. Pazia ndilo mpaka. Alikuwa anapika, anaweka sahani chini karibu na pazia, anarudi nyuma hatua nne, anakohoa mara mbili, ndipo mimi natoa mkono. Halafu anakwenda zake uani ili nile. Kila baada ya muda alirudi kuuliza:

"Papa Dorcas, uko?"

"Niko, mama."

Nikichelewa kujibu, alikuwa anaingiza mti wa ufagio chini ya pazia na kunisukuma mguu. Mguu ukisogea, anaondoka ameridhika. Nimewahi kuuguzwa na wewe, nakumbuka ulivyokuwa unapuliza chai yangu na kunitishia, "Ukikufa nitakufuata nikupige." Kuuguzwa kwa ufagio sikuwa nimezoea.

Siku ya madoa alimtuma Dorcas aangalie kwa niaba yake.

"Dorcas, papa yako iko namna gani?"

"Koko, papa iko kama chui!"

"Chui munene ao mudogo?"

"Munene, lakini analia."

Sikuwa nalia, mke wangu. Yalikuwa macho ya homa. Ila mama yako hakungoja zaidi. Aliita toleka mbili, yeye akapanda ya mbele, mimi nikapanda ya nyuma, na kila baada ya muda alimwuliza kijana anayempeleka, bila kugeuka, "Angalia nyuma. Bado amekaa?"

Zahanati ilikuwa na dokta msichana, mpole, mwenye haraka. Mama yako alibaki barazani kwenye benchi karibu na mlango. Mvua ikaanza kupiga mabati. Dokta akanibonyeza shingo, akanibonyeza tumbo upande wa kushoto, akachukua damu kidoleni, na yale majibu yaliporudi ilibidi apaze sauti ili nimsikie.

"Papa, hii si malaria wala tifoidi! Inaitwa mononucléose! Virusi! Hivyo vidonge ulivyokunywa ndivyo vimekutoa madoa, uviache! Wengine wanaita maladie du baiser, ugonjwa wa busu!"

Na mvua, kana kwamba imelipwa, ikanyamaza hapo hapo. "UGONJWA WA BUSU" ikatoka mlangoni peke yake, ikapita kwenye benchi lote.

Dokta akapunguza sauti, lakini kazi ilikuwa imekwisha kufanyika. Akanieleza vizuri. Alisema haupiti kwa busu tu, unapita kwa mate: kikombe kimoja, kijiko kimoja, chakula cha kupeana. Alisema watoto wadogo wanaweza kuwa nao bila kuugua hata kidogo, mkubwa ndiye anaangushwa. Hakuna dawa ya kuuondoa, ni kupumzika, kunywa maji, kusukutua koo kwa maji ya chumvi, na dawa ya homa. Bandama imevimba, kwa hiyo wiki kadhaa nisibebe kitu kizito, nisiendeshe baiskeli, nisije nikaanguka ikapasuka. Halafu akaniuliza, "Nyumbani kuna mtu mnakula kwa kijiko kimoja, au anakupa chakula kilichotoka mdomoni mwake?"

Nikasema, "Hapana, dokta."

Hapo ndipo niliposema uongo, na uongo huo ulinitesa kuliko koo.

Unajua kwa nini. Wewe ndiye ulikuwa unakaa kwenye mkeka, Dorcas mapajani, ukimtafunia samaki. Unatia kipande mdomoni, macho yanaangalia mbali, ulimi unafanya kazi, halafu miiba inatoka mmoja mmoja. Ulikuwa unaipanga kwenye ukingo wa sahani kama spoki. Kisha nyama laini unampa mtoto. Nilikuwa nakutania kwamba mimi pia nina meno mabaya. Ulisema, "Wewe subiri uzeeke."

Sikusubiri. Wiki ile tulipokuzika sikuweza kula. Watu walileta vyakula, nilivipokea, nilivirudisha. Siku moja Dorcas akaja na kipande cha samaki, akakitafuna kwa bidii, shavu moja limejaa, akatoa miiba yote kwa vidole, akafungua mdomo wangu kama mtu anayefungua sanduku, akanitia. "Meza." Nilimeza kwa sababu nilishtuka. Tangu siku hiyo, samaki akipikwa, mimi natafuniwa. Anapanga miiba kwenye ukingo. Mwanaume mzima, fundi, mwenye ndevu. Ningemwambiaje dokta? Na mama yako yuko nyuma ya mlango?

Kwa hiyo kwa mama yako ilibaki maana moja tu. Mwaka mmoja tu umepita, na mkwe wake ameshapata wa kumbusu mpaka shingo ikavimba.

Tulirudi kwa toleka zile zile mbili. Tolekist aliyenibeba alikuwa amesikia, na wewe unawajua. Tulipopita pale mzunguko, wenzake walikuwa wameshapata habari, sijui kwa njia gani.

"Papa Dorcas! Tuonyeshe huyo mwanamuke, sisi pia tunataka kulala mwezi muzima!"

"Muache, busu ilifika mpaka kwa bandama!"

Nilifunika uso kwa kofia. Mama yako mbele yangu alikaa wima kama nguzo.

Nyumbani hakunifokea. Ingekuwa nafuu. Aliketi upande wake wa pazia na kuzungumza na mjukuu wake.

"Dorcas, uliza papa yako, ni nani alimubusu?"

Dorcas hakuniuliza. Alijibu mwenyewe. "Ni mie."

"Nyamaza. Uliza papa."

"Koko, ni mie! Kila siku!"

"Bon," mama yako akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na mizaha. "Mutoto amekwisha kufundishwa uongo. Siku ya Ijumaa tunaenda."

Nikasikia kikapu kinashushwa msumarini. Nikasikia nguo zinakunjwa, na nilizitambua kwa sauti: lile gauni la mwaka mpya lina zipu inayolia. Nililala pale nikitafuta neno la kusema. Kusema ukweli maana yake kumweleza bokilo jinsi ninavyokula. Kutosema maana yake kikapu kinajaa. Mume wako alikuwa mwoga, mke wangu. Nilichagua kunyamaza siku mbili nzima.

Alhamisi alipika samaki. Aliweka sahani, akarudi hatua nne, akakohoa, akatoka. Dorcas akaingia, akapiga magoti kitandani, akaanza kazi yake. Koo lilikuwa linapona kidogo na nilikuwa na njaa ya kweli, ya kwanza baada ya siku nyingi. Kipande kilikuwa kikubwa. Mwiba mmoja ulimpita, nikakohoa.

"Papa Dorcas, uko?"

Sikujibu. Bokilo hasemeshwi na mdomo uliojaa.

"Papa Dorcas!"

Ufagio ukaingia, ukanipiga mguu. Niliusogeza huo mguu kwa nguvu zangu zote, nikisema kwa mguu kwamba niko, niko. Lakini nilikohoa tena, vibaya, na mara nikasikia ufagio umeanguka sakafuni na pazia limefunguliwa lote.

Alikuwa amesimama hapo. Mimi mdomo wazi, mkwe wake, sina shati, na vidole viwili vya Dorcas viko ndani vinatafuta mwiba. Sikuwa na banda la kuku la kukimbilia, na hata ningekuwa nalo, bandama ilikataza.

"Koko, subiri," Dorcas akasema. "Bado sijamaliza kumulisha."

Akatoa mwiba, akauangalia kwenye mwanga, akaupanga na wenzake.

Mama yako alitazama sahani. Alitazama miiba kwenye ukingo. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Mama."

Akageuka, akaketi chini mlangoni, mgongo umetuelekea. Nilidhani analia. Baadaye akasema, akiangalia uani, "Mama yako nilimutafunia mimi. Mpaka miaka sita. Meno yangu mawili ilivunjika kwa miiba yake." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nikuoe, akaniita mimi mwenyewe bila kupitia kwa mtu wala ufagio.

"Papa Dorcas. Dokta alikuuliza kama kuna mutu anakupa chakula ya mudomo. Nilisikia. Ulijibu hapana."

"Niliona haya, mama."

"Donc, ulichagua nikuone malaya kuliko nikuone unakula?"

"Ndiyo, mama."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka, mke wangu. Alicheka kwa kicheko chako, kile kinachoanza bila sauti na kumaliza kwa kupiga paja. Sikujua kwamba ulikitoa kwake. Nimeishi na kicheko hicho miaka saba, halafu mwaka mmoja bila hicho, na kumbe kilikuwa Yanonge muda wote.

Alipomaliza akajifuta macho na ncha ya kikwembe. "Na ugonjwa hii, inarudi?"

"Dokta anasema hairudi kirahisi."

"Alors, maliza samaki."

Akabaki pale pale, mgongo umetuelekea, mpaka sahani ikaisha.

Ijumaa alitoa nguo za mtoto kwenye kikapu, akazirudisha kwenye sanduku, akakijaza kikapu sabuni na chumvi za kupeleka kwao. Tulimsindikiza mpaka bandarini, mimi kwa mwendo wa mzee. Alipokwisha kuketi mtumbwini alisema, akiutazama mto, "Nikimuondoa huyu, wewe utakula nini?" Hiyo ndiyo hukumu niliyopata. Atakuja tena shule zikifungwa, kututembelea tu.

Sasa napona. Ni polepole. Dokta alinionya kwamba uchovu unakwenda mwisho kabisa, na kweli, kuna siku naamka mzima na saa nne tayari natafuta ukuta wa kuegemea. Nakaa pale kazini kwenye kigoda na kuelekeza kwa kidole, wengine wananyanyua baiskeli. Tolekist bado wananiuliza shemeji yao yuko wapi. Nawaambia yuko darasa la kwanza. Na kitu kimoja nataka ujue: mwaka ule wote sikuwahi kulala kitandani mchana. Nilikuwa naogopa nikilala nitaanza kukufikiria na sitaamka. Safari hii nililazimishwa. Nililala wiki nzima nikikufikiria, toka asubuhi mpaka jioni. Na nimeamka.

Ningekuandikia zaidi, lakini leo kuna samaki, sahani imeshafika na mtu amepiga magoti hapa mbele yangu, shavu moja limejaa, ananionyesha kwa mkono nifungue mdomo.

Kaa salama huko ulipo.

Mume wako,
Papa wa Dorcas