Risasi Uliyoiacha Ndani, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Jana tulianua matanga hapa Nduruma. Vitu vyako vilipita mkono kwa mkono kama kawaida ya ukoo, mkubwa hadi mdogo, kila mmoja akishukuru: koti la kanisani, fimbo, panga la migombani. Kisha baba mdogo Elia akaitoa shotigani yako nyuma ya mlango.

Nikasema, "Baba mdogo, naomba niikague kwanza." Akavuta ule mkono wa chini ya mtutu, unaovutwa nyuma kuingiza na kutoa risasi, ukakataa kurudi. "Hii imekufa kwa kutu," akasema, "na mwenyewe kaweka usalama." Watu wakacheka. Mtoto wa kike amfundishe mdogo wako bunduki!

Lakini mimi ndiye niliyekaa nawe barazani ukiisafisha. Ulisema kitufe cha usalama kinazuia triga tu, risasi hakiitoi. Ulisema mkono ukikataa kurudi si ubovu: bunduki imejifunga kwa ndani, iko tayari kupiga, na haifunguki mpaka ubonyeze kile kichuma kidogo pembeni ya triga.

Baba mdogo akaendelea kukichezea kitufe. Nikaona duara jekundu limetokeza, maana yake usalama umetoka. Mtutu ulimwelekea Upendo, mjukuu wako, mapajani kwa Mama.

Nilipiga ukelele, Baba. Nikausukuma mtutu juu, nikamnyang'anya, nikarudisha usalama. Nikabonyeza kichuma, nikavuta. Risasi ikaruka, ikabingirika hadi miguuni kwa Mama. Baba mdogo alikaa chini.

Wewe! Wewe uliyenigombeza hata nikishika bunduki tupu! Mama anasema siku ile ulitoka kufukuza nguruwe pori, ukarudi umeshika kifua, ukaiegemeza nyuma ya mlango na risasi ndani, tukakukimbiza hospitali. Naelewa. Ila nina hasira na wewe mpaka machozi yamekataa.

Mama hataki bunduki itoke, eti chumba kitabaki kitupu mno. Nimemkatalia. Asubuhi hii baba mdogo ananisindikiza kuikabidhi polisi. Ameomba mwenyewe, na macho hayainui.

Kwaheri, Baba yangu. Nakuahidi haitalala tena nyumba moja na Upendo. Nikitoka polisi nitapita kaburini kwako. Nitakugombeza kwanza, ndipo nilie.

Mwanao,
Neema