Mshenga Aliyekuja na Bata Mzinga

Buhongwa, Mwanza
3 Machi 2025

Mpwa wangu Modesta,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Sisi wazima, bibi yako anakohoa kidogo ila ni kikohozi cha kutukumbusha kuwa yupo. Wewe na uuguzi wako huko Dodoma mnaendeleaje?

Usishangae karatasi. Jumamosi mshenga wa Alexander wako, Mzee Chenge, alileta barua ya posa. Unanijua. Tangu baba yako atangulie, msemaji wa nyumba hii ni mimi, na kutoka hapa hadi Magu hajazaliwa mshenga asiyenilipa faini. Mmoja nilimtoza kwa kupiga chafya akielekea kushoto. Mwingine alitoka kwangu pekupeku, akashukuru.

Basi huyu Chenge kavua kofia akiwa bado nje ya uzio. Akakikwepa kiti chenye mikono, akakaa kigoda. Kabla sijafungua mdomo, akamkabidhi bibi ugoro wa Ngudu, ule ule anaoutaka. Mitego yangu yote mitatu ya faini kairuka! Na niliyemsimulia ni wewe peke yako, Alhamisi, kwa simu, maana jambo zuri huwa linanishinda kulifungia tumboni. Chenge si mwerevu. Yule hata siku ya mnada huuliza.

Nani ameshika simu yako? Nijibu kwa barua, mpe kondakta wa basi linaloshusha Buzuruga. Usipige.

Mjomba wako,
Shimba


Dodoma
8 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi tu. Bibi mpe pole.

Barua yako imenichekesha, halafu ikaninyima raha. Simu hii alinipa Alexander. Aliweka mwenyewe programu ya usalama, ati ikiibiwa ipatikane. Ni kweli anajua nilipo. Nikitoka zamu namkuta getini kabla sijamwambia, nami nilidhani ni mapenzi. Nilipomwuliza alisema huko ofisini kwao, serikalini, kufuatilia simu za watu ni kazi ya kila siku, na mwenye nia safi hana cha kuficha.

Lakini mjomba, ni wewe uliyetuambia ulimkamata mamba kule Ukerewe kwa masikio. Nina miaka thelathini na tatu. Nivunje uchumba kwa ushahidi wako wewe?

Mpwa wako,
Modesta


Buhongwa
12 Machi 2025

Mwanangu Modesta,

Marahaba. Huku kwema, mvua imeanza.

Mamba yule alikuwa na masikio, ndiyo maana nilimkamata. Tuyaache.

Huyo mchumba wako ni kunguru aliyevaa tai. Serikali inamlipa alinde nchi, yeye analinda sketi yako. Kama mwenye nia safi haogopi kuonekana, mwulize mbona ofisi yao ina mapazia. Mwanamume akitaka kujua mwenzake yuko wapi, anamwuliza, anadanganywa kidogo, anaridhika. Mkaza mjomba wako ananidanganya tangu mwaka tisini na nane, na ndoa imenenepa.

Huniamini, sawa. Jumapili saa nane mchana nitakupigia nikudanganye. Nitasema marehemu babu kanijia ndotoni, anataka nipewe bata mzinga, la sivyo posa imekufa. Msukuma gani amewahi kudai bata mzinga? Wewe itikia tu, "Ndiyo mjomba." Usimwambie mtu, hata mto wa kulalia. Ndege asipoletwa, nitakuja Dodoma kwa miguu kumwomba radhi kunguru wako.

Mjomba,
Shimba


Buhongwa
24 Machi 2025

Modesta,

Salamu ni fupi. Sisi wazima, hasira tu.

Juzi Chenge kashuka kwenye bodaboda kamkumbatia bata mzinga kama mkwe, manyoya mpaka puani. Nikamwuliza taratibu kakutuma nani na huyu ndege. Akasema, "Bwana harusi alinipigia Jumapili jioni. Kasema mjomba hasikii lolote bila bata mzinga." Maskini, alikuwa akitabasamu, anangoja sifa. Nilimpa chai, nikamrudisha na ndege wake. Faini sikumtoza. Aibu aliyobebeshwa inamtosha.

Najua sifa yangu. Kwa hiyo bibi yako, aliyeona yote, ametia dole gumba chini ya barua hii. Hapa sijaongeza hata unyoya.

Barua ya posa iko mezani. Kuijibu au kuirudisha ni neno lako. Hilo sikusemei.

Mjomba wako,
Shimba


Dodoma
30 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, na bibi mwambie shikamoo yake pia. Dole lake nimeliona.

Nilimwuliza Alexander uso kwa uso, simu nimeiacha kabatini wodini. Nilitegemea akane. Alicheka, akanishika bega, akasema, "Ungejua ninayoyasikia kwa watu wengine, ungeshukuru kwamba wewe nakusikiliza kwa mapenzi."

Asubuhi nikaitia simu kwenye bahasha, nikamwachia mlinzi wa geti la ofisi yao. Rudisha barua ya posa, mjomba. Mzee Chenge mwambie hana kosa.

Nimepata likizo, nakuja. Siku sikutajii, wala basi. Usinisubiri stendi. Nataka nikae njiani kutwa nzima pasipo mtu yeyote kujua nilipo, mpaka nitakapopiga hodi mwenyewe.

Mpwa wako,
Modesta