Blauzi ya Mgongo Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kapiga simu. Yuko tayari kumchukua Mama. Jumapili hii hii! Nilifurahi, na sioni haya kuliandika hilo. Tangu kiharusi kimwangushe mama mkwe, mimi ndiye namlisha, mimi namwosha, mimi namgeuza. Na yeye ananitazama tu, kama mteja aliyeletewa kazi mbovu. Kusema hawezi tena. Macho yanasema.

Sharti la wifi ni moja – nguo. Anadai yeye hawezi kumvalisha, maana ule mkono wa kulia uliopooza haupandi, na ukiulazimisha Mama anapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Nimtengenezee kitu ambacho hata asiyejua atamvika. Bila nguo hakuna safari.

Nguo! Mimi nishindwe na nguo?

Jumanne, 4 Machi

Nimeloweka kitambaa asubuhi kinywee kabisa kabla sijakata. Pamba nyepesi, nyeupe, vistari vya buluu. Nilijiwekea mwenyewe. Basi, kiende, ili mradi kiende naye.

Patani ya kukatia ni ile ya blauzi ndefu, yenye mikono mipana na mipasuo ubavuni. Inaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani, karatasi ya kaki imezeeka mpaka imelainika. Naipenda kuliko patani zote. Na tangu niolewe humu sijawahi kuruhusiwa kuigusa. Fundi alikuwa Mama, mimi nilikuwa wa pindo na vifungo. Wateja wamekaa pale, ananirushia kazi mapajani: fumua. Anawaambia huyu mkamwana wangu mikono kapewa ya kubebea ndoo. Wanacheka. Na mimi nacheka, ningefanyaje?

Sasa, mgongo wa patani yake ni karatasi moja nzima. Kwa mtu asiyeinua mkono, mgongo lazima uwe wazi, vipande viwili vinavyopandana, avikwe kwa mbele kama aproni. Ningeweza kuichora upya kwenye gazeti nikaiacha ya kwake salama. Sikutaka. Nilivuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda ili aone vizuri, nikachukua mkasi wake mwenyewe, nikaipasua katikati, taratibu, kuanzia shingoni mpaka chini.

Chozi lilimtoka jicho moja. Nikamfuta kwa kipande cha kitambaa. Mimi nina roho, bwana.

Jumatano, 5 Machi

Mabega tayari, mikono tayari. Kwapa nimelishusha vidole viwili ili ule mkono mgumu upite bila kugombana naye. Nimemjaribishia, kimekaa vizuri. Nikamwachia mwilini, nikaenda kuanua nguo.

Narudi – mkono wa kulia wa blauzi uko sakafuni!

Kaufumua. Mtu nusu mwili! Alikuwa na pini chini ya mto, Mungu ndiye anajua kaitoa wapi. Na kazi yenyewe safi, kitambaa hakina hata mkwaruzo, nyuzi kazikusanya pamoja pembeni. Mimi kwa mikono miwili nisingefanya hivyo. Nimeudhika hapo kuliko penginepo.

Nikamuuliza, Mama, hata sasa hunipi alama? Nikachukua pini.

Sitaki kudanganywa. Anajua nguo ikiisha anaondoka. Anataka kubaki anitawale kwa macho.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeurudishia mkono. Nimemvika tena, maana bila mwili wake siwezi kupima pindo. Nimeenda jikoni kidogo tu. Mshono wa ubavu umeachia, nyuzi zina mate.

Meno! Katumia meno!

Basi nimeyatoa. Ni ya bandia, ya juu yote, yanatoka kwa kidole kimoja. Nikayatia kwenye glasi ya maji, nikaiweka juu ya kabati, mahali anapoweza kuyaona. Uso ukamwingia ndani, akawa bibi kizee kwa ghafla. Yule aliyekuwa anawalainisha wateja kwa maneno mpaka wanarudi. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Mume wangu jioni kauliza mbona Mama hana meno. Nikasema fizi zimevimba. Akasema pole Mama, akanawa, akala. Halafu akauliza nguo imefikia wapi. Baada ya chai akauliza tena. Ana haraka kunishinda.

Ijumaa, 7 Machi

Mishono yote nimeipitia mara mbili, hatua ndogo ndogo, uzi mzito. Hii haifumuki, labda ichanwe.

Mama hajagusa chakula. Kanitolea sauti, si kelele, kitu kirefu, kama mtu anayeanza sentensi. Nikamwambia atamwambia bintiye Jumapili.

Jumamosi, 8 Machi

Vifungo vya kubonyeza mgongoni. Pasi. Nimemrudishia meno, wifi asije akakuta kinywa kitupu nikaulizwa maswali.

Nimemvika. Imemkaa. Shingo imelala vizuri, bega liko pale linapotakiwa, hata lile lililoanguka limeonekana zima. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi maishani mwangu, na inabidi kiwe juu ya huyu. Kajipapasa pindo kwa mkono wake wa kushoto, mbele, ubavuni, akatafuta mahali pa kuanzia. Hakupata. Akauacha mkono mapajani.

Nimeshinda. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimesimama, jikoni.

Wifi kaja na gari la kukodi na dereva. Viatu virefu, manukato. Nikamwonyesha: mkono uliopooza kwanza, kisha mzima, mgeuze kidogo, bonyeza, bonyeza. Mama hakulia. Wifi akasema wifi yangu una akili wewe, watu hawakujui. Nikavimba kichwa. Akampiga Mama picha ya mgongo, akaituma kwenye simu.

Nikauliza anamtumia nani. Matroni, akasema.

Matroni wa wapi?

Akanishangaa. Wa nyumba ya wazee, akasema, kule nje ya mji. Hakusema kwa kunong'ona, kasema pale pale juu ya kichwa cha Mama, huku akimtengeneza kola. Walikuwa wamemkataa kwa sababu ya mkono. Wahudumu wachache, hawana muda wa kumbembeleza mtu avae, wanataka nguo za kufungukia nyuma. Nilidhani unajua, wifi. Kaka anajua siku nyingi. Hata Mama kaambiwa, kaka alimwambia Jumapili iliyopita, ingawa kama anaelewa ni Mungu tu.

Alikuwa anaelewa. Wiki nzima alikuwa anaelewa, peke yake, na mimi namnyang'anya pini.

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Yuko nje, anakagua matairi ya gari la watu.

Nilitaka aondoke. Sikatai. Lakini nilimwona kichwani mwangu kwa bintiye, kwenye kochi, anaringa, anamsumbua mwingine. Hilo ndilo nililokuwa nashonea.

Simu ya wifi ikalia. Matroni kaipenda. Anataka nyingine za kubadilishia, na kama nina nafasi, niwashonee na bibi wawili walio chumba kimoja naye. Wifi akaniangalia, anasubiri. Mama akaniangalia pia. Kulikuwa na nafasi ya kusema neno. Niliiona kabisa hiyo nafasi.

Nikauliza hizo za bibi wengine ziwe na kola au zisiwe nayo.

Mama akafumba macho.

Sasa wamemfikisha mlangoni kwa kiti cha magurudumu kilichokuja na gari, na hapiti. Kashika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto. Dereva kajaribu, kashindwa. Mume wangu naye kajaribu, namsikia anasema taratibu Mama, taratibu. Blauzi haijapasuka popote, maana wifi anasema iangalieni nguo jamani, iangalieni nguo.

Wananiita mimi. Wanasema mimi ndiye niliyemzoea, nije nimbandue vidole.

Nimeitikia nakuja. Wameita tena.