Abdisalam Guled, Fundi wa Mashine ya Kupanda Simsim

Mwaka umetimia, Baba Idil, tangu ile Alhamisi ulipotawadha kwa swala ya alasiri, ukaketi kitini na usiinuke tena. Allah alikuita ukiwa na udhu. Kwa hilo mimi mkeo nashukuru kila siku.

Watu wa Galbet walikujua kama fundi wa kuchomelea milango. Sisi nyumbani tulikujua kwa mashine. Miaka minne ulitafuta njia ya kupanda simsim kwa mstari, mbegu tatu au nne kila shimo, si kurusha tu kama mtu anayelisha kuku. Gurudumu la baiskeli mbele, sanduku la bati juu, na ndani yake kigogo cha mti ulichokitoboa vishimo kwa msumari wa moto. Simsim ni ndogo, ulisema, ukikosea kishimo kidogo tu inamwagika kama maji.

Ulikuwa unatandaza nailoni uani, unaipaka mafuta ya kupikia, halafu unapitisha mashine juu yake ili mbegu zinase pale zinapoanguka. Kisha unapiga magoti na rula ya shule ya Idil, unapima moja moja. Nilikuuliza, "Mafuta yangu ya kupikia anjera yamekwenda wapi?" Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Yako kazini." Nilikasirika, halafu nikacheka. Hukuwahi kuniinulia sauti, wala kumkaripia mtoto mbele ya watu.

Ndiyo sababu lile jambo la shambani lilikuuma sana.

Mashine ya kwanza ulimpa Faduma, mkubwa wa kikundi cha kina mama wanaolima kando ya Tana. Wale, tangu mama zao, huchanganya simsim na mchanga kabla ya kurusha, ili mkono usitoe mbegu nyingi. Faduma akatia mchanga huohuo kwenye mashine. Mchanga ukakitafuna kigogo, vishimo vikaziba, ekari nzima ikaota viraka viraka. Ulifika ukamwambia mbele ya wenzake, "Ninyi mnajua kuchunga mbuzi tu." Faduma alijitanda mtandio wake akaondoka.

Siku hiyo hukumaliza chakula. "Saynab," ukaniambia, "miaka minne napima mbegu, na sijamwuliza hata mama mmoja anapandaje. Kosa ni langu. Mashine ndiyo ijifunze, si Faduma." Ukaacha mti, ukachonga kigogo cha shaba chenye vishimo vipana vya kubeba mbegu pamoja na mchanga wake. Ukasema Jumamosi utampelekea, umwombe radhi.

Alhamisi ukafa.

Kaburini ndugu yako Abdille alisimama, kama ilivyo desturi yetu, akauliza ni nani ana kinyongo na marehemu, aseme au asamehe. Wanaume wakajibu wamesamehe. Lakini sisi wanawake hatuendi kuzika, na Faduma hakuwa pale. Mimi nilijua kinyongo chake kipo. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, naiangalia mashine chini ya turubai, na kila swala nakuogopea. Kutuma mtu sikutaka. Ulitaka kwenda mwenyewe, basi niende mimi.

Eda ilipokwisha, Idil na mimi tuliipakia kwenye mkokoteni wa punda mpaka mtoni. Faduma alikuwa analima.

"Haye, abaayo, umeleta chuma ya marehemu?"

"Nimeleta radhi yake, dada yangu. Alikuwa aje Jumamosi."

Faduma akachota mchanga konzi mbili, akautia sandukuni pamoja na simsim, huku ananiangalia usoni. Akasukuma mstari mzima. Kisha akafukua kwa kidole: tatu, nne, tatu.

"Sasa unamsamehe?" Idil akamwuliza.

"Wewe mtoto, msamaha si mbegu, utumbukize tu. Nyinyi nendeni. Mimi nitafikiri."

Siku tisa sikupata raha. Siku ya kumi alikuja mwenyewe Galbet. Nikamkaribisha chai, akakataa.

"Imeota, imenyooka kama safu ya swala," akasema. "Lakini sisamehe kwa sababu ya simsim. Alinivunjia heshima mbele ya wenzangu. Basi leo asubuhi nimesimama mbele ya haohao, nikawaambia: Abdisalam alikubali kosa, na mimi nimemsamehe, dunia na akhera." Halafu akavuta kiti. "Na mbuzi najua kuchunga kweli, wallahi. Niko nazo sitini. Sasa leta hiyo chai."

Baba Idil, Faduma ameniruhusu kuyaandika haya. Na kama yuko mwingine uliyemuumiza, ambaye siku ile hakuwepo kaburini kusikia, tunamwomba naye akusamehe. Akishindwa, aje Galbet atuambie sisi. Tutamsikiliza.

Unakumbukwa na mimi mkeo Saynab, watoto wako Idil na Mustafe, ndugu yako Abdille, dada yako Samsam wa Habaswein, na jamaa wote wa Sangailu. Allah akurehemu na alipanue kaburi lako. Hakuna siku itakayopita tusikutaje katika dua.