Usingizi Ulionijia Montreal

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi, kama kweli ni wewe unayesomewa barua hii. Hujambo? Kiuno je? Dada Neema, kitinda mimba wetu, mko pamoja? Mimi mzima wa mwili, ila kichwa kimevurugika.

Tangu vita viwatoe kijijini kwetu Kashuga na simu yako inyamaze, nilikuwa silali. Mchana kutwa nabeba masanduku ya mboga, nachoka hoi, na usingizi hauji. Mwenzangu kazini akanipeleka kliniki ya kiropraktiki, kwa madaktari wanaonyoosha mgongo kwa mikono, bila dawa. Siku hizi utafiti wao umevuka mambo ya mgongo: wanataka kujua kama mikono hiyo inaleta hata usingizi. Nikakubali. Baadhi yetu tunatibiwa kweli, wengine tunaguswaguswa tu ili walinganishe, na hatuambiwi yupi yuko upande gani. Nilikuwa nalala kifudifudi najiuliza, huyu ananitibu au ananichezea?

Kisha Papa Kambale, yule mfanyabiashara wa Butembo anayepeleka chumvi Walikale, akanipigia simu.

"Kaka, nilimuona mama yako pa Kashebere, ku njia ya Walikale. Lakini kwa mugongo tu. Iko anabeba muzigo na kamba ku kichwa, anaegemea kushoto vile anafanyaka. Gari haikuweza kusimama, maaskari walikuwa banatufukuza."

"Papa, uko hakika?"

"Mugongo njo wake. Uso sikuona."

Mama, usiku ule nililala mpaka nikachelewa kazini! Nikamweleza daktari yote. Mkalimani, mama mmoja wa Bukavu, akanitafsiria swali la daktari: "Papa, anauliza, ni mikono yake ao ni habari ya mama njo ilikulalisha?"

Nikasema sijui. Daktari akajikuna kichwa, akacheka, akasema hata yeye hajui aandike nini. Mikono labda ni ya uongo, habari labda ni ya uongo, lakini usingizi nimeulala kweli. Sielewi, Mama. Nimefurahi na ninaogopa kwa pamoja.

Nisalimie Neema, na mjomba Bahati, mchunga mbuzi wetu, kama naye alifika. Kwa barua hii Papa Kambale atamtafuta yule mama anayeegemea kushoto, amsomee. Kama ni wewe, mwambie jina ulilokuwa unaniita nikiwa mdogo, nami nitajua.

Na kama imefika kwa mama mwingine, basi salamu hizi ni zako, mama, zipokee. Ila tafadhali, usifanye haraka kunijibu. Niache nilale kidogo nikiamini ni yeye.

Mimi mwanao,
Janvier